Alama 34 zilizomnyima mzee usingizi

Ndugu msomaji, hebu tuiwazie nyumba moja huko Mwimbi, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Ni mwezi Juni. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na baridi ya jioni, ile baridi ya Ufipa isiyo na mzaha, imewakusanya watu wa nyumba hiyo jikoni kuuzunguka moto. Binti mkubwa, anayesoma mwaka wa pili wa chuo kikuu, amekuja kuwaona wazazi wake kwa siku chache kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Baadhi ya masomo yake hufundishwa kwa njia ya intaneti: mazoezi hutumwa huko, majaribio hufanywa huko, na alama nazo huandikwa huko huko, katika daftari lisilo la karatasi ambalo mwanafunzi huweza kulifungua kwa simu yake ya mkononi.

"Mwanangu," baba akasema, "hebu nionyeshe hizo alama."

Binti akaifungua simu, akampa. Baba akavaa miwani, akasoma polepole. Mbele ya neno lenye maana ya jumla palikuwa na tarakimu mbili: 34.

"Thelathini na nne? Kati ya mia?"

"Ndivyo inavyoonekana, baba, lakini..."

"Hapana lakini." Mzee akairudisha simu. "Magunia yale niliyoyatenga kwa ajili ya ada yako yabaki ghalani. Mdogo wako anajiandaa kuingia kidato cha tano. Heri nimsomeshe yeye."

Pakawa kimya. Mama, aliyekuwa akichagua maharage kwenye ungo, akauliza bila kuinua macho: "Mzee, hizo thelathini na nne ni kati ya ngapi?"

Swali hilo la mama, ndugu msomaji, ndilo kiini cha makala haya. Mama huyo hajapata kufundisha chuo chochote, lakini amepima maharage sokoni maisha yake yote, naye anajua kwamba tarakimu isiyo na kipimo ni neno tupu. Thelathini na nne za nini? Za kopo, za kibaba, au za debe? Siku hizi, ambapo watoto wetu wengi wanapata sehemu ya elimu yao kwa njia ya mtandao, hapana budi mzazi, mwalimu na mwanafunzi wote walijue jibu la swali hilo. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata mali iliyo na daftari hupotea, ikiwa daftari lenyewe limepangwa vibaya au halikusomwa sawasawa.

Uzito ni nini?

Tuanze shambani, maana huko kila mtu ni mwalimu. Mkulima ana mashamba mawili ya mahindi. La kwanza liko nyuma ya nyumba, ekari moja tu, nalo limenona kwa samadi: limetoa magunia 20. La pili liko mbali, ekari sita, udongo wake umechoka: limetoa magunia 8 kwa kila ekari. Je, wastani wa mavuno yake kwa ekari ni magunia mangapi?

Mwenye haraka atajumlisha 20 na 8, apate 28, agawanye kwa mbili, atangaze magunia 14. Lakini hebu mkulima huyo aingie ghalani ahesabu. Shamba dogo limempa magunia 20. Shamba kubwa limempa mara sita nane, yaani 48. Jumla ni 68. Ukigawa kwa ekari saba unapata magunia 9 na zaidi kidogo, hata 10 hayafiki. Aliyetangaza 14 hakusema uongo kwa makusudi. Alilipa shamba la ekari moja sauti sawa na shamba la ekari sita. Alisahau uzito.

Alama za masomo nazo zina ekari zake. Zoezi la nyumbani la dakika 20 ni bustani ya nyuma ya nyumba. Mtihani wa saa tatu unaokusanya kazi ya muhula mzima ni shamba la ekari sita. Kwa sababu hiyo kila chuo huamua tangu mwanzo kila sehemu ibebe kiasi gani katika zile alama 100 za mwisho. Vyuo vikuu vyetu vingi hapa nchini vimezoea mgawanyo wa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Mgawanyo huo ndio uitwao uzito wa alama.

Sasa turudi jikoni kule Mwimbi. Somo la binti yetu limegawanywa hivi: mazoezi yana uzito wa 10, majaribio 30, mtihani wa mwisho 60. Katika mazoezi amepata 36 kati ya 40, yaani 90 kwa mia; kwa hiyo katika zile 10 anachukua 9. Katika majaribio mawili, kila moja la alama 30, amepata 24 na 26. Jumla ni 50 kati ya 60, na katika uzito wa 30 hizo ni alama 25 kamili. Tisa na 25 ni 34. Mtihani wa mwisho bado haujafanywa, nao ndio wenye alama 60.

Kwa maneno mengine, 34 zile si kati ya 100, bali ni kati ya 40. Binti huyo amepata 85 kwa mia ya kila alichokwisha kupimwa nacho! Mzee alikuwa akimwachisha masomo mwanafunzi mwenye alama nzuri kabisa. Ubaya ni kwamba, katika madaraja ya alama ya vyuo vikuu vyetu vingi, kufaulu huanza na 40; hivyo 34 iliyoachwa peke yake, bila maelezo, yafanana kabisa na kuanguka.

Jambo lenye asili ya siku nyingi

Pengine msomaji atadhani kwamba mambo haya ya uzito yameletwa na kompyuta. La hasha. Taifa letu limekuwa likijadili suala hili tangu zamani, na tumelijadili kwa sababu za maana.

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Miongoni mwa aliyoyakosoa humo ni ule mtindo wa kuiabudu mitihani: kumpima kijana kwa uwezo wake wa kukariri mambo na kuyatapika katika saa chache, huku tabia yake, busara yake na moyo wake wa kazi vikiachwa nje ya mizani. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria namba 21 ya 1973. Kisha Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo mengine liliagiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu wa peke yake. Kuanzia 1976 kazi za kila siku za mwanafunzi wa sekondari zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa taifa, nusu kwa nusu.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya maana ya uamuzi ule. Haukubadilisha maswali ya mtihani wala vitabu vya kiada. Ulibadilisha uzito tu. Lakini kwa kubadilisha uzito, taifa lilikuwa likisema jambo zito: kwamba jasho la miaka mingi darasani na shambani lina thamani sawa na ya saa chache za mwisho.

Hata baadaye mizani hiyo imeendelea kusogezwa. Mwaka 2013 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba katika mtihani wa kidato cha nne kazi za maendeleo zitabeba 40 na mtihani wa mwisho 60, na watu wakabishana sana, magazetini na vijiweni. Kubishana kulikuwa halali. Mgawanyo wa alama haukuteremka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa wanadamu juu ya kitu gani kinafaa kuthaminiwa, na kwa kiasi gani.

Wazee wa Ufipa waweza kulielewa jambo hili upesi. Ukulima wao wa asili ni ule wa vituta vya mviringo viitwavyo intumba. Mkulima hukata majani mvua zinapokaribia kwisha, akayafukia ndani ya kituta, akayaacha yaoze polepole. Msimu unaofuata kituta husambazwa, na ulezi hupandwa juu ya rutuba ile. Anayeutazama ulezi siku ya mavuno peke yake hajui kilichoulisha. Kazi za muhula ni majani yaliyofukiwa. Mtihani wa mwisho ni siku ya mavuno. Mizani njema huvitazama vyote viwili.

Daftari la mtandaoni na mitego yake

Zamani mwalimu alikuwa na daftari la alama, rula na kalamu nyekundu. Alichora mistari mwenyewe, akajumlisha mwenyewe, na akikosea alikosea kwa mkono wake. Leo kazi hiyo imeingia katika programu za kompyuta. Mojawapo iliyoenea sana ni Moodle, iliyotungwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Hutumika bila malipo ya leseni, na kwa hiyo vyuo vingi vya Afrika vimeikimbilia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria namba 17 ya 1992 ili kuwafikia watu huko huko waliko, ni kimojawapo cha vyuo vyetu vinavyoitumia. Nyingine ni Google Classroom, ambayo walimu wengi wa shule waliizoea wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19.

Programu hizo ni hodari wa hesabu, lakini hazijui nia ya mwalimu. Humfanyia alichowaagiza, si alichokusudia. Hapa ndipo ilipo mitego mitatu, nayo yafaa tuitazame mmoja mmoja.

Mtego wa kwanza ni kutoweka uzito kabisa. Tuwachukue wanafunzi wawili wa somo moja, lenye mazoezi manne, majaribio mawili na mtihani, kila kimoja kikisahihishwa kwa mia. Mwanafunzi wa kwanza anakaa mjini, intaneti anayo wakati wote. Mazoezi yake: 90, 95, 85 na 90. Majaribio: 50 na 60. Mtihani: 45. Mwanafunzi wa pili yuko kijijini. Mtandao humpata akipanda kilimani, na salio la simu ni la kubahatisha. Mazoezi yake, ambayo mengine aliyatuma nusunusu: 40, 40, 30 na 50. Majaribio: 65 na 75. Mtihani: 72.

Ikiwa mwalimu ameiacha programu ichukue wastani wa kawaida wa vitu vyote saba, wa kwanza atapata 73 na ushei, wa pili 53 na ushei. Sasa tuweke uzito uliotangazwa, yaani 10, 30 na 60. Wa kwanza ana wastani wa 90 katika mazoezi, hivyo huchukua 9. Wastani wa 55 katika majaribio, huchukua 16.5, na 45 za mtihani humpa 27. Jumla yake ni 52.5. Wa pili huchukua 4 za mazoezi, 21 za majaribio, na 43.2 za mtihani. Jumla yake ni 68.2. Tazama, msomaji! Aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma, na aliyekuwa nyuma yuko mbele. Hakuna jibu hata moja lililosahihishwa upya. Kilichobadilika ni mizani.

Mtego wa pili ni kuuacha uzito ujipange wenyewe kutokana na ukubwa wa alama. Mwalimu mmoja husahihisha kila zoezi kwa 100, kila jaribio kwa 25, na mtihani kwa 60, kwa sababu ndivyo karatasi zilivyotungwa. Kisha anaiambia programu ijumlishe tu. Mazoezi manne yanatoa alama 400, majaribio mawili 50, mtihani 60, jumla 510. Katika jumla hiyo mtihani uliokusudiwa kubeba 60 kwa mia unabeba chini ya 12 kwa mia, na mazoezi yaliyokusudiwa kubeba 10 yanabeba zaidi ya 78. Mwalimu hakuamua hivyo, wala baraza la chuo halikuamua hivyo. Daftari limeamua.

Mtego wa tatu ndio uliomnasa mzee wetu wa Mwimbi, nao ni tofauti baina ya nafasi tupu na sifuri. Programu huweza kupangwa kwa namna mbili. Ya kwanza, iyaache kando yale ambayo bado hayajafanywa, ihesabu yaliyopo tu; hapo binti yetu angeonyeshwa 85. Ya pili, ihesabu kila nafasi tupu kuwa sifuri. Hapo huonyeshwa 34. Namba zote mbili ni za kweli, ila kila moja hujibu swali lake. Moja hujibu: "Umefanyaje mpaka sasa?" Nyingine hujibu: "Umekwisha kuweka ngapi ghalani?"

Tena namna zote mbili zina hatari zake. Mwanafunzi aliyefanya jaribio moja akapata 80, la pili akalikwepa, atabaki na 80 ikiwa nafasi tupu haihesabiwi. Uvivu utakuwa umelipwa mshahara. Lakini aliyekosa jaribio kwa sababu alikwenda kumzika mzazi wake atashushwa hadi 40 ikiwa nafasi hiyo imegeuzwa sifuri. Kompyuta haiwezi kuwatofautisha watu hao wawili. Mwalimu tu ndiye awezaye, na hana budi kufanya hivyo.

Mwalimu afanyeje?

Kwa mwalimu anayesoma ukurasa huu na ambaye amekabidhiwa somo la mtandaoni pasipo maelekezo ya kutosha, hizi hapa ni hatua za kufuata.

Kwanza, aanze na karatasi, si kompyuta. Aandike makundi ya kazi zake na uzito wa kila kundi, kisha ajumlishe. Ikiwa haifiki 100, au imezidi, asiguse programu mpaka ajirekebishe. Google Classroom humkatalia mwalimu ambaye makundi yake hayatimizi 100. Moodle, ukichagua wastani wenye uzito, haikatai. Huzichukua namba zozote ulizoweka na kuzigawa kwa jumla yake. Ukikusudia 10 ukaandika 1, itaendelea na kazi kimya kimya kana kwamba hapakutokea neno.

Pili, aunde makundi ndani ya daftari: mazoezi kundi lake, majaribio kundi lake, mtihani peke yake. Uzito aupe kundi, si kila zoezi. Hapo hata akiongeza zoezi la tano au la sita, kundi zima litabaki na 10 zake. Mazoezi yatagawana yenyewe kwa yenyewe.

Tatu, ahakikishe kila kazi mpya inaingia katika kundi lake. Zoezi lililoachwa nje ya makundi ni kama mbuzi aliyelala nje ya zizi. Atahesabiwa visivyo, au hatahesabiwa kabisa.

Nne, aamue juu ya nafasi tupu, na uamuzi huo autangaze. Njia iliyo salama ni kuziacha nafasi tupu zisihesabiwe muhula unapoendelea, kisha mwishoni aandike sifuri kwa mkono wake pale tu ambapo mwanafunzi hakufanya kazi wala hakutoa udhuru.

Tano, alipime daftari kabla ya kuliamini. Njia ni rahisi. Abuni mwanafunzi asiyekuwapo. Ampe alama zote kamili: jumla iwe 100. Kisha amfutie zote ampe sifuri, ila mtihani ampe kamili: jumla iwe 60 barabara. Kisha ampe kamili katika majaribio tu: iwe 30. Kisha katika mazoezi tu: iwe 10. Ikiwa namba hizo zimetoka, mizani ni sawa. Ikiwa imetoka namba nyingine, kosa lipo, na ni heri kuligundua kwa mwanafunzi wa kubuni kuliko kwa mtoto wa mtu.

Sita, uzito ukishatangazwa usibadilishwe katikati ya muhula. Mwanafunzi hupanga nguvu zake kufuata mizani aliyoonyeshwa. Kumbadilishia baadaye ni sawa na mnunuzi wa mazao anayebadilisha debe baada ya mkulima kufika sokoni.

Haki iliyomo ndani ya namba

Pengine msomaji atasema haya ni mambo ya mafundi. Sivyo. Ndani ya uzito wa alama kuna suala la haki, nalo latuhusu sote. Chuo kikiamua kwamba 30 kwa mia zitolewe kwa kushiriki mijadala ya mtandaoni kila jioni, kimeamua pia, hata kama hakikukusudia, kwamba kijana wa mahali pasipo na mtandao wa kuaminika aanze safari akiwa nyuma. Chuo kikiupa mtihani wa mwisho 100 zote, kimeamua kwamba binti aliyeugua malaria siku hiyo amepoteza mwaka. Kila mgawanyo humfaa mmoja na kumbana mwingine. Kazi ya mwalimu mwema ni kuutafuta ule unaopima kile hasa alichokifundisha, kisha kuuweka hadharani.

Mzazi naye ana wajibu. Asiwe wa kupiga kelele kila aonapo namba ndogo, wala wa kushangilia kila aonapo namba kubwa. Aulize maswali manne: Alama hizi ni kati ya ngapi? Ni kazi zipi zilizokwisha kuhesabiwa? Zipi bado, na zina uzito gani? Na je, iko sehemu ambayo mwanafunzi analazimika kuifaulu peke yake? Swali hili la mwisho lina maana, kwani vipo vyuo visivyotosheka na jumla nzuri ikiwa mtihani wenyewe umeanguka.

Na mwanafunzi? Yeye ajifunze kupiga hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu, asiitegemee simu pekee. Binti wa Mwimbi akichukua karatasi ataona kwamba, akiwa na 34 mkononi, anahitaji 36 kati ya zile 60 ili afikishe 70, ambako katika madaraja ya vyuo vingi ndiko alama ya A inakoanzia. Thelathini na sita kati ya 60 ni 60 kwa mia ya mtihani. Sasa anajua mlima una urefu gani, na anaweza kuupanda bila hofu na bila majivuno.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni kutupa uchawi. Yafaa nasi tuutupe uchawi huu wa namba: ile imani kwamba kinachoandikwa na kompyuta hakiulizwi. Alama inayopanda na kushuka bila mtu kujibu swali jipya haina mzimu ndani yake. Ina mizani iliyowekwa na binadamu, na binadamu aweza kuulizwa.

Tumalizie kule jikoni tulikoanzia. Mama alipouliza swali lake, binti alichukua kipande cha mkaa, akachora kwenye sakafu makundi matatu: kumi, thelathini, sitini. Akajaza tisa katika kumi. Akajaza ishirini na tano katika thelathini. Kundi la tatu akaliacha tupu. Baba akainama, akalitazama lile pengo kwa muda mrefu, kama mtu atazamaye shamba ambalo bado halijapandwa.

"Kumbe hili ndilo kubwa," akasema.

"Ndilo, baba. Na bado sijaliingia."

Usiku ule mzee hakulala. Lakini hakuwa tena na hasira. Alikuwa akijilaumu kwa neno alilolitamka mbele ya mwanawe. Alfajiri akaenda ghalani, akayahesabu magunia aliyoyatenga, akamwita binti.

"Haba na haba hujaza kibaba," akamwambia. "Nenda ukakijaze. Haya magunia yatauzwa kama tulivyosema."

Ndugu msomaji, si kila nyumba ina mama wa kuuliza swali lile kwa wakati wake. Kwa hiyo tulijifunze sote. Mtoto akikuletea alama, kabla hujamsifu au kumkaripia, kwanza muulize: ni kati ya ngapi?